Mfongo wa Aloyce Kando ya Ziwa la Magadi

Tangu shule ifunguliwe nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko nilivyowauliza wanafunzi maswali ya mtihani: "Mwalimu Vero, huko Manyara kulikuwaje?" Nikimjibu mmoja wakati wa chai, mwingine anaingia na kutaka nianze upya. Sasa nimeandika. Anayetaka asome, asiyetaka akasahihishe madaftari yake. Na ninawaonya mapema kwamba nitajisifu. Nimejizuia wiki tatu nzima na sioni kwa nini niendelee.

Barua iliyoniondoa Kibosho

Nimefundisha jiografia miaka kumi na moja. Nyika, mito na maziwa ya chumvi nimevichora ubaoni kwa chaki ya bluu na ya njano hadi naweza kuvichora nikiwa nimefumba macho. Ila macho yenyewe hayakuwahi kuona hata ziwa moja la chumvi. Mwisho wa safari zangu ulikuwa Same, kwenye harusi.

Kilichonitoa ni barua ya mdogo wangu Aloyce. Mnajua desturi yetu ya kihamba, lile shamba la migomba la ukoo: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa chake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, na wa katikati huangalia mawingu. Aloyce ni wa katikati. Serikali ilipowaita watu waende vijiji vipya vya Ujamaa huko tambarare, yeye alinyoosha mkono kabla msemaji hajamaliza hotuba. Akaenda na utajiri mmoja tu, ufundi wa baba.

Baba yetu ni mwenyekiti wa mfongo wa kwetu, yaani mfereji unaochukua maji korongoni na kuyaleta vihambani. Aloyce alimfuata tangu akiwa na miaka saba, akajua kuupima mteremko kwa jicho na kibuyu cha maji. Mimi pia nilifuata, lakini tukikaribia banio, pale maji yanapotolewa mtoni, nilirudishwa. Mwanamke hapiti hapo. Niliambiwa maji yatakasirika. Maji yenyewe hayakuwahi kuniambia kitu.

Barua ilisema hivi: "Dada, mfongo nimeuchimba na unapita vizuri. Mavuno ya kwanza tulicheka. Ya pili yalipungua. Sasa maharage yanageuka njano yangali mafupi, na ardhi inaota ukungu mweupe. Watu wanasema mfongo wangu unaua shamba. Kamati itakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wakinikataa sijui nitakwenda wapi."

Nilimsomea baba. Aliiacha chai yake ikapoa.

"Nenda ukamwone," akasema. "Mimi magoti yangu hayafiki. Kama ameshindwa, mlete."

"Nimlete wapi, baba? Kihamba kimeisha."

"Najua kimeisha. Niligawa mimi." Akageuza uso. "Ndiyo maana nakutuma, mwanangu. Asiposimama kule, hana pa kusimama, na kosa ni langu."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akilitaja kosa lake mwenyewe. Usiku ule nilifunga kikapu.

Mito mitatu na amina moja

Habari za ruhusa na tiketi naziruka, zote ni foleni. Niliteremka hadi Moshi mjini kwa miguu kwenye ule utelezi wetu wa Juni, kikapu kichwani, ndani yake ndizi mbichi za kupika, ndizi zilizochomwa na chupa ya mtori. Basi la Arusha liliondoka likiwa limechelewa kwa saa mbili, na hakuna aliyeshangaa.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa Singida mwenye kofia ya sufu. Tulipovuka daraja la kwanza nikasema polepole, "Karanga." La pili, "Weruweru." La tatu, "Kikafu." Kila mto niliutaja nikiwa nimeinamisha kichwa ili niyaone maji. Nilipoinua uso nikakuta mzee amevua kofia, ameiweka kifuani.

"Amina," akasema.

Sikuwa na moyo wa kumweleza. Na kwa kweli, nikifikiri, hakukosea sana. Mito ile mitatu inatoka mlimani kwetu, ndiyo inayotulisha.

Baada ya Boma Ng'ombe tairi lilipasuka, tukashuka wote kwenye uwanda wa Sanya. Mlima ukavua mawingu saa ileile. Abiria waliotoka mbali walisimama vinywa wazi, na mimi nikasimama pembeni kama mwenye nyumba anayesubiri wageni wasifu sebule yake.

Kukwama katika mto usio na maji

Arusha nilipata lori lililobeba mabati ya shule ya kijiji kilekile cha Aloyce, kijiji cha Tumaini. Dereva alikuwa Kalasinga wa Moshi mjini, Bwana Pritam, mwenye kilemba cha buluu na ndevu zilizojaa vumbi. Alipojua ninatoka Kibosho akanisalimia Kichagga safi kuliko cha wapwa zangu wanaosoma bweni.

Tulipopita Kisongo nyika ikaanza. Jamani, nimewafundisha watoto kwamba nyika ni "nchi tambarare yenye nyasi fupi, miti michache na mvua haba." Ni kweli, lakini ni kama kusema mtori ni ndizi na maji. Nyasi zilikuwa za rangi ya ugali ulioungua, zimekwenda hadi mwisho wa macho. Sisi watu wa mlimani tunajua mambo mawili, juu na chini. Ukimwelekeza mtu unamwambia panda au shuka. Kule vyote viwili vilinipotea, nikashika mlango wa lori kana kwamba nitaanguka, na gari lilikuwa linakwenda sawasawa kabisa.

Karibu na Makuyuni tuliingia mto wa mchanga, mkavu, mpana kuliko mto wowote wa kwetu. Lori likazama hadi ekseli. Nikacheka, nikashindwa kujizuia.

"Nitawaambia nini wenzangu? Kwamba tumekwama mtoni na hakuna hata tone?"

Bwana Pritam alikuwa amelala chini akichungulia magurudumu. "Mwalimu," akasema, "usiudharau mto kwa sababu huuoni."

Tulikaa pale toka saa nne hadi saa tisa. Akaja mama wa Kimasai na punda wawili na wanawe watatu wadogo. "Takwenya," Bwana Pritam akamsalimia. "Iko," akaitikia, akapita kando ya lori letu bila kulijali, akapiga magoti kwenye kona ya mto na kuchimba kwa bakuli. Alipofika urefu wa mkono, maji yakajaa taratibu, maangavu. Alinipa ya kwanza mimi mgeni. Yalikuwa matamu. Nikakumbuka nilivyokuwa nikiandika ubaoni "mito ya msimu" na kupita haraka, nikaona aibu kidogo.

Kwa shukrani nikawapa watoto ndizi kutoka kikapuni. Haraka haraka haina baraka: nilitoa zile mbichi za kupika. Wa kwanza aliing'ata pamoja na ganda, uso ukakunjamana, akamtazama mama yake kana kwamba nimemlisha sabuni. Mama alicheka hadi akashika punda. Nikatoa zilizochomwa, hizo zikaliwa mpaka mabaki ya majivu. Naye akatugawia maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na mtori wangu nao akauonja, akatikisa kichwa, akanirudishia kwa heshima.

Mwishowe tulishusha mabati mawili tukayatandika chini ya magurudumu, wachungaji wanne waliokuwa wakipita wakasukuma, tukatoka. Mkiona paa la shule ya Tumaini lina mabati mawili yaliyopinda, mjue sababu yake.

Ziwani, nilipohakikisha somo langu

Kesho yake tuliliona ziwa. Upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa umesimama kama nilivyouchora, na chini yake maji meupe yanayong'aa, na ukingoni mstari wa rangi ya waridi ambao ulikuwa ndege heroe, maelfu yao. Nililia. Sioni haya kusema. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisema habari za kitu hiki kwa imani tu.

Nikaomba tusimame. Nikavua viatu nikatembea juu ya ukoko mweupe unaovunjika kama ganda la yai, nikachota maji nikaonja. Machungu, ya chumvi, yanateleza ulimini.

"Ni kweli!" nikapiga kelele. "Mito inaingia na hakuna unaotoka! Jua linakunywa maji na kuacha chumvi!"

Bwana Pritam aliegemea mlango. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unawafundisha bila uhakika?"

Nilikuwa ninatema mate.

Ukungu mweupe

Aloyce alinipokea njiani. Alikuwa amekonda, lakini jambo la kwanza alilotaka nilione halikuwa nyumba yake. Lilikuwa mfongo.

Wenzangu, nimeona madaraja na nimeona reli, lakini nilipouona mfereji ule kifua changu kilijaa. Unatoka kwenye mto unaoshuka ukuta wa Bonde la Ufa, unazunguka kilima cha mawe, unapita nchi ambayo mimi nisingejua wapi ni juu na wapi ni chini, na maji yanatembea bila kusita hata hatua moja. Ndugu yangu alifanya hivyo kwa jicho na kibuyu. Watu wa kijiji wanatoka Mbulu, Singida na Kondoa, na hakuna aliyekuwa ameona jambo la namna hiyo.

"Umemzidi baba," nikamwambia.

"Usiseme hivyo." Akaniongoza hadi shambani. "Angalia."

Maharage yalisimama kama wagonjwa kwenye foleni. Majani njano, kingo zimekauka. Na katikati ya matuta, kila mahali maji yalipokuwa yamelala na kukauka, kulikuwa na ukungu mweupe.

"Nimebadilisha mbegu," Aloyce akasema. "Nimeongeza maji, nikaona yanazidi kufa. Wengine wanasema nimerogwa. Mwenyekiti wa kijiji ni mtu mwema, lakini keshokutwa kamati inakaa, na wamechoka. Watahamisha shamba kwingine na kuufunga mfongo."

Niliinama kuugusa ule ukungu. Haukuwa ukungu. Ulikuwa unga, unakwaruza vidoleni. Mimi ni mwalimu, lakini kabla ya ualimu nilikuwa msichana wa jikoni Kibosho. Nikaweka kidogo ulimini.

"Aloyce, hujui hiki ni nini?"

"Hapana."

"Ungewahi kupika kiburu ungejua. Haya ni magadi."

Magadi yaleyale, jamani! Yale tunayoyanunua sokoni Moshi kwa kijiko, tukayatia kwenye kiburu, ndizi zetu za maharage, ili maharage yalainike. Ndugu yangu ameyala tangu aote meno, hakuwahi kuyaona yanavyoingia chunguni. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa Kiingereza.

Nikamshika mkono tukatembea hadi ukingo wa ziwa, nusu saa. "Mto wako unaingia hapa," nikasema. "Nionyeshe unapotokea."

Alitazama kushoto. Akatazama kulia. Akapanda juu ya jiwe. Ninamjua, alikuwa akitafuta mteremko.

"Hautoki," akasema mwisho.

"Hautoki. Maji hayaendi kokote ila juu, kwa jua, na chumvi haiwezi kuruka. Sasa maji unayoyapeleka shambani, ukishamwagilia, yanatokea wapi?"

Hapo nilikiona kitu ambacho mwalimu hukiona mara chache maishani. Uso wake ulibadilika taratibu, kuanzia machoni.

"Kwetu hatuchimbi pa kutokea," akasema kwa sauti ndogo. "Kwetu mlima unayatoa wenyewe. Baba hakunifundisha, kwa sababu hakuna anayefundishwa. Vero... nimechimba ziwa. Nimepanda maharage ndani ya ziwa."

Alikaa juu ya jiwe akacheka, kisha akafuta macho. Mimi nilimwacha. Kosa lile hawezi kulifanya ila Mchagga, tena Mchagga hodari, na nikamwambia hivyo.

Mbele ya kamati

Jumamosi kamati ilikaa nje ya ghala. Mwenyekiti Tluway, mzee wa Kimbulu mwenye koti refu la mvua hata jua likiwaka, alinikaribisha kwa adabu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Tueleze, Mwalimu."

Nikaeleza habari za ziwa na chumvi. Wanaume walisikiliza wakiwa wamekunja mikono. Mmoja akasema wamekuja kulima, hawakuja darasani. Nikaona maneno hayatoshi. Nikaomba chungu, maharage makavu na moto, nikatia kiganja kimoja cha unga mweupe wa shambani. Muda si mrefu yakalainika.

Nikatazama huku na huku nikingoja mshangao. Badala yake wanawake waliosimama nyuma wakaangua kicheko. Mama Tluway, mke wa mwenyekiti, alicheka hadi akakaa chini.

"Mwalimu, hilo tunalijua!" akasema. "Mimi sijanunua magadi tangu mwaka jana. Tunakwangua humohumo shambani."

Mwenyekiti aligeuka kumtazama. "Ulijua ni magadi?"

"Wote tulijua."

"Na hukusema?"

"Uliuliza mbegu, ukauliza wachawi," mama akajibu. "Hukuuliza jikoni."

Nadhani nusu ya kijiji ilipona siku ile kwa kicheko tu. Aloyce alisimama, akaomba siku nne na watu wote wenye majembe. Alisema atachimba mfereji wa pili upande wa chini, wa kutoa maji, hadi kwenye korongo kavu linaloelekea ziwani, kisha watajaza shamba maji na kuyaacha yaioshe ardhi yakitoka. "Ikishindikana," akasema, "nitalikabidhi jembe mwenyewe."

Kamba

Kupima mteremko wa kutoa maji kwenye nchi bapa ni kazi ngumu kuliko ya kuyaleta. Panahitajika mtu wa kushika mwisho wa kamba anayeelewa anachotazama. Waliokuwepo walikuwa wenye nguvu, lakini walikuwa wageni wa kazi ile. Aloyce alisimama na kamba mkononi akinitazama, na nilijua anawaza nini, maana nami niliwaza hilohilo. Nilijiona nina miaka tisa, nimerudishwa njiani karibu na banio.

"Dada," akasema, "wewe ulikuwa unafuata hadi wapi?"

"Hadi niliporudishwa."

"Na uliona nini?"

"Kila kitu. Nilikuwa ninapanda mti."

Akanirushia kamba. "Basi shika. Na baba tutamwambia ukweli."

Nilishika kamba siku nne. Viganja vyangu bado vina alama, nimekwisha kuwaonyesha, wengine mara mbili. Siku ya tano Aloyce alifungua maji. Yakaingia, yakajaa kati ya matuta, yakasimama. Kisha kule chini, kwenye mfereji mpya, uzi mwembamba wa maji ukaanza kutambaa, ukasita kwenye kona niliyoipima mimi, moyo wangu ukasita nao, ukapita. Ukaenda hadi korongoni.

Mwenyekiti Tluway alikuwa wa kwanza kuinama na koti lake. Akachota, akaonja, akatema. "Chumvi!" akapiga kelele, na watu wakashangilia kana kwamba ametangaza asali. Kila mtu alitaka kuonja. Sijawahi kuona watu wakifurahia maji mabaya namna ile.

Kurudi, na jembe mlangoni

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama njia za kurudi zilivyo. Nilipoona mlima kutoka uwanda wa Sanya, nilitaja mito yangu mitatu kwa sauti bila kujali nani anavua kofia.

Baba nilimweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya kamba nilishusha macho. Aliuliza tu mfereji wa kutokea ulikuwa na kina gani, nikamwambia, akaguna. Wiki mbili hakuligusa tena jambo hilo.

Kisha Bwana Pritam akapita kwetu na barua. Aloyce aliandika kwamba maji yanayotoka sasa ni karibu matamu, kwamba kamati imempa kazi ya kusimamia mifereji yote miwili, na kwamba maharage mapya yamechipua kijani. Ndani ya bahasha aliweka jani moja. Lilikuwa limenyauka, lakini lilikuwa la kijani. Baba alilitazama pande zote mbili, akalitia kwenye kitabu chake cha sala.

Jumatatu iliyopita, alfajiri, baragumu lililia. Mnajua maana yake: mfongo umeziba, kila nyumba itoe mwanamume mmoja, nyumba isiyotoa italipa faini ya pombe. Niliamka kumchemshia baba chai kama kawaida. Nikafungua mlango, nikakuta jembe lake la mfongo limeegemezwa pale, na yeye amekaa kwenye kigoda, miguu mitupu.

"Shikamoo, baba. Hujavaa viatu?"

"Marahaba. Magoti hayataki."

"Nikamwite kaka mkubwa?"

"Ana nyumba yake ya kusimamia. Na mdogo wenu wa mwisho yuko Tanga." Akasugua goti. "Nyumba hii ina mtu wake."

Nililitazama jembe. Mpini wake umekuwa mweusi kwa mikono ya baba, na ya babu kabla yake.

"Baba, wanazibua wapi leo?"

"Kwenye banio."

"Wakiuliza niseme nini?"

"Waambie umetumwa na mwenyekiti," akasema. "Nenda sasa. Maji hayangoji mtu."

Nilipita pale niliporudishwa nikiwa na miaka tisa. Wanaume waliona jembe, wakalitambua, wakanipa nafasi. Ndiyo sababu, Mwalimu Mkuu, Jumatatu nilichelewa kipindi cha kwanza.